Maganda 33 yaliyopasuka rafuni

Simu ya mjomba iliingia Jumamosi moja ya Septemba, chai yangu bado ya moto. Hakusalimia. "Mjomba, haya maganda uliyafanyaje?" Yeye ni kaka wa mama na mimi ni mpwa wake, ila tangu utotoni tunaitana mjomba pande zote mbili, kwa hiyo msomaji asipotee. Nikauliza maganda gani. Ya risasi, akasema, yale niliyomwandalia Aprili. Yamepasuka shingo. Nikamwambia basi yamechoka, ayatupe, kila ganda lina siku zake. Akanikatiza: "Yamechoka kwa kazi gani? Hayajapigwa. Yamekaa tu kwenye rafu."

Nikaweka kikombe chini. Ganda hupasuka likiwa ndani ya bunduki, moto na gesi vikilisukuma kwa ndani. Ganda tupu, lisilo na fataki (kile kiwashio kidogo cha kitakoni) wala baruti, lililolala kwenye trei ya plastiki miezi mitano, lipasuke lenyewe? Nilivaa viatu nikaenda.

Mjomba anaishi nje kidogo ya Houston, Texas. Anawinda nguruwe mwitu, ambao huko ni kero kubwa ya mashamba, na kulungu msimu wao ukifunguliwa. Bunduki yake inakula .308 Winchester, aina ya risasi iliyoingia sokoni 1952. Kama wawindaji wengi wa Marekani, hanunui risasi mpya kila mara. Anajaza upya maganda aliyokwisha kuyapiga, na kwa sheria za kule hilo ni jambo la mtu na meza yake ya gereji. Kwetu Afrika Mashariki risasi na vifaa vyake ni mambo ya leseni na polisi, na sitaki mtu asome hapa kisha aanze kuokota maganda.

Risasi ikishapigwa, fataki imeungua, baruti imeungua, kichwa, yaani kile kinachoruka, kimekwenda zake. Kinachorudi mkononi ni ganda peke yake, na ndilo lililochukua kazi nyingi zaidi kiwandani. Ni la shaba ya manjano: sehemu 70 kwa mia shaba nyekundu, 30 zinki. Aloi hiyo inapendwa kwa sababu inavutika bila kukatika na inarudi nyuma kidogo baada ya kusukumwa, ndiyo maana ganda lililotanuka na kuziba chemba, tundu la bunduki linalolishika, linaweza kuchomoka tena bila kung'ang'ania. Kubandua fataki, kuosha, kurudisha umbo na kukata urefu ni kazi aliyoniachia mimi, kwa kuwa mimi ni fundi wa karakana ya vyuma na nina vifaa. Kujaza ni kwake mwenyewe, huko siingii.

Stoo yake ni banda la mbao nyuma ya nyumba. Nilipofika alikuwa ameshatandaza gazeti juu ya meza na kuyapanga maganda yaliyopasuka kama mtu anayepanga dagaa wa kukaanga. Nilichukua moja, nikaliweka chini ya lenzi ya fundi saa ninayotembea nayo.

Ufa ulianzia mdomoni, ukashuka shingoni na kuishia kwenye bega. Mwembamba kama unywele. Kingo zake hazikuwa zimepanuka wala kujikunja. Ukizikutanisha zinafungana kabisa, kama kikombe cha udongo kilichopata ufa. Ndani ya ufa palikuwa peusi, na pembeni yake shaba ilikuwa na wingu la rangi ya samawati iliyoiva, karibu na zambarau. Kilichonishtua zaidi ni kile ambacho hakikuwepo, yaani masizi. Shingo ikipasuka bundukini, gesi hupenya kwenye ufa na kuacha ulimi mweusi wa masizi upande wa nje. Haya yalikuwa masafi. Kwa hiyo mjomba alisema kweli, hayakupigwa.

Kabla ya kulaumu chochote tulihesabu. Nalisisitiza hili kwa sababu mjomba alikuwa tayari ana mshitakiwa wake (mimi), nami nilikuwa na wangu (yeye), na watu wawili wenye majibu tayari hawaoni kitu. Stooni na nyumbani kulikuwa na maganda 240, yote ya .308, yote ya kijeshi yenye mhuri wa msalaba ndani ya duara kitakoni, yote yaliyopigwa mara moja tu kabla ya kufika kwetu. Yalitoka kwenye ndoo moja. Lakini hayakuwa yamepita njia moja, na hiyo ndiyo bahati iliyotuokoa.

Maganda 96 nilikuwa nimeyaosha na kuyarudisha umbo Aprili, kisha yakawekwa kwenye trei iliyo wazi, rafu ya chini, ukuta wa nyuma wa stoo. Hapo yalipasuka 31.

Mengine 60 yalikuwa bado machafu kama yalivyookotwa, kwenye kopo lisilo na kifuniko, rafu ileile. Yalipasuka mawili.

Kisha 50 ambayo mjomba aliyachukua baada ya mimi kuyaandaa, akayasugua moja moja kwa pamba na dawa ya chupa ya kung'arishia shaba, ile yenye harufu inayowasha pua. Yaling'aa kama vitasa vya milango ya hoteli. Kwa kuyaonea fahari aliyaweka sebuleni ndani ya mtungi wa kioo wenye kifuniko. Hayakupasuka hata moja.

La mwisho ni kundi la aibu yangu, maganda 34. Nilikuwa nimenunua kichomeo kipya cha gesi na nilitaka kujaribu kulainisha shingo kwa moto. Utaratibu ni kulainisha kwanza, halafu kurudisha umbo. Mimi nilisahau nikafanya kinyume: nikayapitisha kwenye kalibu, kile chuma chenye shimo kinachorudisha umbo, ndipo nikayachoma shingo. Nilipogundua nikayaacha kwa mjomba nikisema nitayarudia. Yalikaa trei ileile na yale 96, kona moja. Hayakupasuka hata moja.

Mjomba alianza na asidi yangu ya ndimu. Mimi huosha kwa pipa dogo linalozunguka, ndani yake maji ya moto, sabuni ya vyombo, sindano za chuma kisichoshika kutu na kijiko kidogo cha asidi ya ndimu ya unga. Sindano hizo zinaingia hadi kwenye kikombe cha fataki na kusugua masizi ambayo magunzi ya mahindi yaliyosagwa, wanayotumia watu wa mashine za mtetemo, huyaachia. Ni kweli asidi ikizidi, au ukisahau maganda humo usiku kucha, zinki huanza kutoka kwenye ngozi ya shaba na ganda linabaki na rangi ya waridi. Rangi hiyo si ya kupuuzwa. Lakini maganda yaliyopasuka hayakuwa na uwaridi, na yale 50 ya sebuleni yaliogeshwa kwenye pipa hilohilo, siku hiyohiyo. Nilimwonyesha mjomba. Akanung'unika, akakubali.

Zamu yangu. Mimi nilikuwa nimeikazia macho ile dawa ya chupa. Nyingi za dawa hizo zina amonia, na amonia na shaba ya manjano hawapatani. Kila mtu wa fani hii huambiwa hilo mapema. Nilikuwa nimeshaandaa hotuba. Tatizo ni kwamba maganda yaliyosuguliwa kwa dawa hiyo ndiyo yaliyokuwa mazima kabisa, na yaliyopasuka hayakuwahi kuiona. Hotuba ikanifia mdomoni. Nadhani mjomba aliiona ikifa, maana alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Tukatoka nje kupunga upepo, na nilipokuwa narudishia mlango mkono wangu ukashika kufuli.

Lilikuwa kufuli la shaba, la miaka mingi. Upande uliotazama uani ulikuwa wa kahawia ya kawaida, rangi ya shaba iliyozeeka kwa heshima. Upande uliotazama ukutani ulikuwa na ukoko wa samawati na kijani, unga unaotoka ukigusa. Nikamwuliza mjomba tangu lini. Hajui. Nikamwuliza nyuma ya huu ukuta kuna nini. "Kuku wa mama yenu," akasema.

Mke wa mjomba alianza kufuga Februari mwaka ule, kuku kumi na mmoja. Banda lao lilijengwa kwa kuegemeza kwenye ukuta wa stoo ili kuokoa mbao. Kati ya ubao na ubao pana mwanya unaoingiza kidole. Nilipopiga magoti rafu ya chini na kuvuta pumzi, macho yalinitoka machozi. Mjomba alikuwa ameizoea ile harufu kiasi kwamba haisikii tena. Kinyesi cha kuku kina asidi ya yuriki. Bakteria wanaivunja na kutoa amonia, na kikilowa ndiyo kazi inaenda mbio. Houston yenyewe, kwa anayeijua, hewa yake kuanzia Mei ni ya kukamua kama nguo.

Hapo nikakumbuka kisa ambacho sisi wa karakana tulisoma kama hadithi ya kale, cha jeshi la Waingereza huko India. Mvua za monsuni zikianza, shughuli za kijeshi zilipungua na risasi ziliwekwa kwenye mazizi ya farasi hadi kiangazi kirudi. Zilipotolewa, nyingi zilikutwa zimepasuka, hasa pale ganda lilipobana kichwa cha risasi. Hakuna aliyezipiga, hakuna aliyeziangusha. Ilibaki hivyo mpaka 1921, ambapo Moore, Beckinsale na Mallinson walieleza kinachotokea. Mkojo wa farasi ulikuwa unatoa amonia. Ganda lenyewe, kwa kuwa lilivutwa na kubanwa likiwa baridi kiwandani, lilikuwa limebaki na mkazo ndani yake. Kimoja peke yake hakitoshi. Viwili vikikutana kwenye unyevu, shaba inaachana.

Miaka mia na zaidi baadaye, mjomba wangu amejenga zizi lake mwenyewe. Tofauti ni kwamba lina kuku.

Neno "mkazo" linahitaji maelezo kidogo, maana hapa ndipo kundi langu la aibu linapotoa ushahidi. Shingo ya ganda la .308 ina unene wa takriban theluthi moja ya milimita. Risasi inapopigwa shingo hutanuka kuijaza chemba. Ili iweze kushika kichwa kipya lazima irudishwe chini, na kazi hiyo ni ya kalibu: unalipaka ganda mafuta, unalisukuma kwa presi ndani ya shimo la chuma kigumu, shingo inaminywa kupita kipimo, kisha mpira mdogo wa chuma unapita kwa ndani na kuitanua tena kidogo. Yote hayo bila moto. Chembechembe za shaba zinasukumana, zinabanana, na nyingine zinabaki zinavutana hata baada ya presi kuachia. Ukiitazama shingo huoni kitu. Ni kama kitanda cha kamba kilichokazwa mno: kimetulia, lakini kila kamba inavuta.

Amonia ikija na unyevu, inaila shaba taratibu, na inapenda kupita kwenye mipaka kati ya chembe na chembe. Kwenye shingo isiyo na mkazo itaacha doa tu. Kwenye shingo inayovutwa, kila kijimfereji kidogo kinachoanza hupanuliwa na ule mvuto, na amonia inapata njia mpya ya kuingia ndani zaidi. Ndiyo maana nyufa zilikuwa nyembamba na kingo zake zinafungana. Shaba haikunyooka kabla ya kukatika, iliachana.

Sasa rudi kwenye makundi. Yale 96 yalikuwa na mkazo na yalikuwa na amonia. Yale 50 ya sebuleni yalikuwa na mkazo uleule lakini amonia yake ilikuwa ya dakika mbili, ikasuuzwa, kisha yakafungiwa kwenye hewa ya nyumba. Yale 34 yalikaa katika harufu ileile ya kuku, yakapata hata wingu la samawati, ila moto ulikuwa umeshazilegeza shingo zake. Na yale 60 machafu hayakuwa yamepita kwenye kalibu.

Yakabaki mawili kati ya hayo machafu, ambayo yalitaka kuniharibia hesabu. Nikayatazama tena kwa lenzi. Yote mawili yalikuwa na bonyeo mdomoni, la kukanyagwa na buti pale yalipookotwa, na ufa ulianzia kwenye kona ya bonyeo. Buti nalo ni kalibu ya aina yake.

Sikutaka kuondoka na maelezo mazuri tu. Viwandani wana vipimo vya kukamata mkazo uliojificha kwenye shaba: zamani walichovya kipande kwenye nitrati ya zebaki, na kwa kuwa zebaki ni sumu wengi wamehamia kwenye mvuke wa amonia. Hicho cha pili unaweza kukiigiza. Nilichukua maganda sita mazima kutoka lile kundi la 96, matatu nikayalainisha shingo kwa moto, matatu nikayaacha. Nikayaning'iniza kwa uzi juu ya amonia ya kusafishia ya dukani, ndani ya mtungi uliofunikwa, nje uani mbali na watu. (Mtungi huo usiwahi kuwa na jiki, jiki na amonia vikichanganyika hutoa gesi ya kuua.) Asubuhi ya pili mawili kati ya matatu ambayo hayakuchomwa yalikuwa na nyufa kama zile za rafuni, pacha kabisa. Yaliyochomwa yalikuwa yamebadilika rangi na kuchukiza, lakini mazima.

Maganda sita ni machache na mimi si maabara. Kwa mjomba yalitosha. Alipiga simu kwa mkewe aliyekuwa sokoni na nikasikia sauti yake ikishuka kadiri mazungumzo yalivyoendelea.

Kuhusu hatari yenyewe, watu hupenda kuikuza. Risasi ya .308 inaruhusiwa kufikia shinikizo la pauni 62,000 kwa inchi mraba, karibu mara elfu mbili ya tairi la gari, na hilo linatisha. Ila shingo iliyopasuka mara nyingi huishia kuvujisha gesi kidogo ndani ya chemba na kupeleka kichwa kombo. Kinachoumiza watu ni ganda linalokatika karibu na kitako. Kwa kuwa maganda yalikuwa mezani tayari, niliyapima kwa waya mwembamba uliopindwa ncha, unaopitishwa kwa ndani ukuta hadi karibu na kitako kusikiliza kama kuna mfereji. Matatu yalikuwa nao. Huo ni ugonjwa mwingine, wa ganda kunyooshwa kupita kiasi, na hauna uhusiano na kuku. Ila ufa unaoshuka begani na kuingia mwilini sitaupigia dau, na mjomba alikubali bila ubishi kwamba trei nzima ile iende. Siyo 31 tu. Haya mengine 65 yaliyoonekana mazima yalikaa kwenye hewa ileile, na ufa wa namna hii huanza mdogo kuliko jicho. Tuliyaminya midomo yote kwa koleo ili asije mtu akayaokota na kuyajaza, yakaenda kwenye vyuma chakavu. Machafu nayo yakafuata njia hiyo. Mjomba aliyatazama yakiingia kwenye gunia kama anayezika jamaa.

Alipendekeza tuyatie yaliyobaki kwenye oveni ya jikoni, yote kwa mkupuo, ili kumaliza mkazo. Nilikataa. Shingo inatakiwa kulegea, kitako kinatakiwa kibaki kigumu, kwa sababu kitako ndicho kinachobeba lile shinikizo bila chemba kukizunguka pande zote. Oveni haijui shingo ni ipi. Kwa kichomeo unashika ganda kwa vidole upande wa kitako, unalizungusha shingo ikiwa kwenye ncha ya mwali, sekunde chache, na ukisikia moto umefika vidoleni umechelewa. Maganda ya kijeshi yanatoka kiwandani na doa la moto shingoni bado likionekana. Watu huliona uchafu wakalisugua mpaka liishe. Ni alama kwamba kazi hiyo ilifanyika. Makampuni ya kiraia hung'arisha tu kabla ya kuuza.

Jambo jingine lililojitokeza siku hiyo halikuhusu nyufa, na kwangu lilikuwa zito kuliko nyufa. Nilipokuwa natafuta chombo cha kumwagia sindano, nikaona chekecheo la unga limening'inia stooni. Mjomba hulitumia kutenganisha maganda na magunzi ya ile mashine yake ya zamani ya mtetemo. Kisha linarudi wapi? Likapita kimya kidogo. Linarudi jikoni.

Kiswahili hapa kinatutega, maana "risasi" ni kile kinachotoka bundukini na ni madini yenyewe. Fataki za kawaida za leo zina kemikali ya risasi, yaani madini, na ikiungua inabaki kama masizi ndani ya ganda. Ukisugua kwa mashine kavu, masizi hayo yanageuka vumbi kwenye magunzi, na ukichekecha yanapaa. Ni vumbi la sumu, na watoto ndio linaowadhuru zaidi. Wajukuu wa mjomba wanakula chapati za unga uliopita kwenye chekecheo hilo. Sikupaza sauti, yeye ni mkubwa wangu. Nilisema tu, "Mjomba, hili leo linakwenda na maganda." Akalitia kwenye gunia mwenyewe, na wiki iliyofuata wajukuu wakapelekwa kupimwa damu. Majibu yalikuwa mazuri. Sasa anaosha kwa maji kama mimi, anavaa glavu, na maji machafu hayamwagi kwenye bustani ya mchicha.

Kuhusu kuku hapakuwa na mjadala. Nilijaribu kumweleza mke wa mjomba habari za Moore na wenzake na mazizi ya India. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza hao maganda wanataga? Banda likabaki pale pale.

Kwa hiyo yaliyohama ni maganda. Yale 34 niliyarudisha kwenye kalibu, safari hii yakiwa yameshalainishwa kwanza kama inavyotakiwa, nikayakata hadi milimita 50.93 kwa kuwa mwisho unaoruhusiwa ni 51.18, nikachonga kingo za mdomo ndani na nje, na kufuta ule mkunjo wa kijeshi unaobana kikombe cha fataki. Yako kabatini chumbani kwa mjomba, kwenye mtungi wa kioo wenye kifuniko na kipakiti cha kukausha unyevu, pamoja na yale 50 yanayong'aa. Dawa ya chupa imebaki kwa vitasa vya milango. Nilipopita Januari tuliyamwaga kitandani tukayakagua moja moja kwa lenzi, yeye akishika taa. Hakuna ufa.

Tukiwa tunatoka alinionyesha kufuli jipya la stoo. La chuma.